Chai Kabla ya Kusema

Mwaka wa 1957, mtu aliyetaka kulala hadi jua kali siku ya Jumamosi pale Voi alikuwa na hiari mbili: ahamie Maungu, au azibe masikio kwa pamba. Ikifika saa kumi na mbili unusu, spika tatu zilizotundikwa juu ya nguzo, moja sokoni, moja stesheni na moja mbele ya duka la Mwinyihaji, zilikuwa zikikohoa mara mbili na kupiga mluzi wa kutia meno ganzi, halafu ndipo sauti ya Mable inatoka na salamu ya asubuhi ya Kitaita: "Kwawuka, Voi. Aliyelala na aamke, aliyeamka na asikilize."

Kipindi kiliitwa Voi Yaamka. Ukikiita redio utakuwa umekipa heshima isiyo yake, kwa sababu sauti haikupita hewani. Ilipita kwenye waya kutoka chumba cha nyuma cha ukumbi wa ustawi, na palipoishia waya ndipo palipoishia habari. Lakini watu wa Voi walikiita redio, na nani angewakataza? Kilikuwa na muziki, kilikuwa na mgeni wa wiki, kilikuwa na matangazo ya ng'ombe waliopotea na watoto wa kuchanjwa, na mwisho kabisa kilikuwa na wazo la asubuhi, ambalo Mable alilitunga mwenyewe na kulisema kwa dakika mbili tu. Halikuwa mahubiri. Mahubiri Mable alikuwa ameyala ya kutosha nyumbani kwao.

Aliyeendesha mitambo ni Silvanus, fundi aliyejifunza mambo ya waya vitani Burma na aliyeamini hakuna kitu duniani kisichotengenezeka kwa bisibisi na subira. Ndiye aliyebadilisha sahani za santuri. Muziki wa moja kwa moja ulikuwa wa Kilonzo, kuli wa stesheni, ambaye kila Jumamosi alipitia ukumbini na kodiani yake kabla ya zamu, akapiga nyimbo mbili, akakimbia kupakua mabehewa. Chai ya wageni ililetwa na Zaitun, mke wa Mwinyihaji, birika zima la chai ya maziwa yenye tangawizi kali. Ilikuwa desturi ya kipindi kwamba mgeni hasemi mpaka ashike kikombe mkononi. Mable ndiye aliyeianzisha, maana aliona mtu akishika kikombe hatetemeki.

Sasa huyu Mable. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto wa mzee Obadiah wa Wusi, kwenye milima ya Taita, mzee wa kanisa, mkulima wa kabichi, mtu ambaye hata kuku wake walionekana kuwa na nidhamu. Obadiah ndiye aliyembebea sanduku la shule kichwani, akipanda na kushuka vilima, mpaka binti akafuzu ualimu na kupewa darasa katika shule ya wasichana huko huko milimani. Kijiji kizima kilimwita Baba Mwalimu. Halafu Januari mwaka huo Mable akaja jikoni kwa mama yake, akamkuta baba yake anaota moto, akamwambia kwamba ameacha shule, anakwenda Voi kwenye ukumbi wa ustawi, atakuwa akizungumza na watu kwa kipaza sauti.

Mzee Obadiah alisukuma ukuni motoni. Kisha akasema, "Sina neno." Akainuka, akaenda kulala, na tangu siku hiyo hakumwandikia wala kumtumia salamu.

Angemgombeza ingekuwa afadhali. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Wadawida, Wataita wa milimani, hasira ya mzazi hawaichukulii kama mchezo. Mzee anaweza kunyamaza na hasira yake ikatoka mlangoni na kutembea peke yake. Tryphena, mama yake Mable, alikuwa akituma habari kila wiki kwa dereva wa lori la mboga na kupokea za binti kwa njia hiyo hiyo, na habari zake zilikuwa zile zile: baba yako bado hana neno. Mable alijiambia yeye ni msomi, mambo ya hasira kutembea ni ya wazee. Lakini mwezi wa pili sindano ya gramafoni ilivunjika katikati ya wimbo. Mwezi wa tatu aliunguza kisigino kwa uji. Mwezi wa nne mbuzi aliingia ukumbini akala matangazo yote, na ya chanjo na ya ng'ombe, akabakisha sahihi tu. Baada ya mbuzi, msomi alianza kuhesabu.

Wazee wa zamani walikuwa na dawa yake, nayo ni kutasa. Mzee mwenye kinyongo hujaza kinywa pombe ya miwa, akaipuliza kwa nguvu kama mvua ya rasharasha, huku akisema hasira na itoke, na mambo yakawa mema. Ikishapulizwa imekwisha, hairudi. Lakini Mable angeitoa wapi dawa hiyo? Baba yake aliacha kutasa siku aliyobatizwa, miaka thelathini nyuma, na tangu hapo alikuwa akiwakemea wengine.

Basi ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa tano, na siku hiyo haikuwa ya mchezo. Bwana Hashil wa redio ya Mombasa alikuwa amewasili jana yake kwa treni, akalala kwa Mwinyihaji. Alikuja kukisikia kipindi kwa masikio yake. Kikimpendeza, kingerekodiwa kila wiki na kurushwa hewani kutoka Mombasa, redio ya kweli sasa, isiyohitaji waya wala nguzo. Mable aliweka kiti chenye mto karibu na mlango kwa ajili yake, akakifuta vumbi mara tatu.

Watu walidhani anataka sifa. Mimi sisemi hakuzitaka, sifa nani hazitaki? Ila lililomkosesha usingizi lilikuwa lingine. Kule Wusi palikuwa na duka la Donald, na dukani palikuwa na redio ya betri, na mzee Obadiah alikuwa na kiti chake mbele ya redio ile, hakosi. Sauti ya Mable ikitoka kwenye sanduku lile, baba yake angeisikia, awe na neno au asiwe nalo. Hiyo tu ndiyo njia aliyoiona imebaki.

Mgeni wa wiki alikuwa mzee Stephen wa Makwasinyi, aliyewafukuza tembo shambani kwake usiku kucha kwa kupiga madebe. Mable alikuwa ameandika maswali tisa juu ya tembo. Silvanus hakuwahi kumwona mzee Stephen, aliambiwa tu kwamba ni mzee mwenye koti jeusi na bakora. Maelezo hayo yangemtosha mtu wa nchi nyingine. Katika Taita ya mwaka ule, mzee aliyeshuka Voi bila koti jeusi na bakora alikuwa ama mgonjwa ama ameibiwa.

Kipindi kilianza vizuri. Kodiani ya Kilonzo ilichangamka, sahani ya kwanza haikuruka. Kiti chenye mto tu ndicho kilichokuwa kitupu. Mable alikitupia jicho mara moja, mara mbili, kisha akaanza matangazo kwa sauti yake ile ya polepole. Maji ya mtoto mchanga yachemke mpaka yatoe mapovu. Yafunikwe yapoe yenyewe. Na tafadhali, mtu asiyapoze kwa kuyachanganya na maji mabichi, maana hapo atakuwa amechoma kuni bure.

Alipokuwa amefikia tangazo la mwisho, la ng'ombe mwekundu aliyepotea karibu na mto, mlango ulifunguka, akaingia mzee mwenye koti jeusi na bakora. Silvanus alimkimbilia kwa ncha za vidole. Mzee alinong'ona kwamba amemfuata Mable.

"Wote wamemfuata Mable, mzee," Silvanus alinong'ona naye. "Kaa hapa."

Akamketisha kwenye kiti cha mgeni, akamvua kofia kwa adabu na kumwekea gotini, akamtia kikombe cha chai mkononi, akamwinulia Mable kidole gumba. Mable, macho bado kwenye karatasi, alimaliza ng'ombe na kusema kwa furaha kwamba sasa wasikilizaji watege masikio, mgeni wao amefika. Ndipo akainua uso. Mbele yake, ng'ambo ya maikrofoni, alikuwa ameketi baba yake.

Moyo ulimshuka hadi kwenye kile kisigino kilichoungua. Aliwaza kumwambia Silvanus aweke santuri, lakini Voi nzima ilikuwa imeshaambiwa mgeni yupo, na Bwana Hashil popote alipokuwa alikuwa amesikia. Kipindi kikishaanza hakirudishwi jikoni.

"Mzee," alisema, na neno hilo lilimkwama, kwani hakuwahi kumwita hivyo baba yake, "wajulishe wasikilizaji jina lako na unakotoka."

Mzee Obadiah aliitazama maikrofoni kama mtu anavyomtazama mbwa wa watu. "Naitwa Obadiah. Natoka Wusi."

Nyuma yao Silvanus alikitazama kikaratasi chake chenye jina la mgeni, akamtazama mzee, akamtazama Mable, na rangi ikaanza kumtoka. Mable alitafuta la kusema akaona maswali yake tisa tu, na kwa jinsi alivyobabaika akasoma la kwanza kama lilivyoandikwa: mzee atuambie, tembo walifika shambani kwake saa ngapi?

"Wusi hakuna tembo," alisema Obadiah.

Kicheko cha sokoni kiliingia mpaka ukumbini, na spika ya stesheni ilikuwa bado inarudisha mwangwi wa maneno yake. Mable alijikuta anataka kucheka na kulia kwa pamoja. Akaisukuma karatasi kando. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo spika ziliifanya kubwa, ni habari gani basi iliyomleta mzee Voi.

Obadiah alijiweka sawa kitini kwanza. Alikuwa mtu wa ibada, aliyezoea kwamba mtu akisimama mbele ya watu husema kweli au hukaa chini. Silvanus alishaupeleka mkono kwenye gramafoni aliposikia mzee ameanza.

"Mimi niko na binti. Alikuwa mwalimu. Mwezi wa kwanza alikuja akaniambia anaacha shule, anaenda kusema kwa chuma. Nikamwambia sina neno." Akakiweka sawa kikombe mkononi. "Hiyo ilikuwa uongo. Neno nilikuwa nalo. Mimi mzee wa kanisa nimekaa na uongo miezi minne."

Mable alimsogezea maikrofoni. Baba yake akaeleza, kwa Kiswahili chake cha milimani kisichopamba, kwamba leo amepanda lori la mboga kuja kumrudisha. Ana barua mfukoni kutoka shuleni, nafasi bado ipo, wanamngoja Jumatatu. Lakini lori lilimshusha sokoni.

"Nimesimama na mama mmoja, muuza vitunguu, mtoto mgongoni. Ile chuma ilikuwa inasema maji ya mtoto yachemke. Yule mama alikuwa anarudia. Neno kwa neno, midomo inaenda, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikamuuliza, mama, unafanya nini? Akaniambia, nyamaza mzee, mwalimu anasema."

Mzee aliishika bakora yake kwa nguvu zaidi.

"Nimekuja kurudisha mwalimu shuleni," alisema. "Nimekuta shule iko sokoni."

Mable alilia, na wala hakuona haya. Alilia kwa furaha, kwa uchovu wa miezi minne, na kwa yule mama wa vitunguu ambaye hata jina lake hakulijua. Lakini baba yake alikuwa hajamaliza. Kinyongo kilikuwa kimetajwa tu, kilikuwa bado hakijatoka, na mzee Obadiah alikuwa na umri wa kujua tofauti. Labda alisahau kwamba amebatizwa, labda alikumbuka na kuamua kwamba Mungu ataelewa. Pombe ya miwa hakuwa nayo na hangeigusa. Alichokuwa nacho ni chai ya Zaitun.

Akajaza kinywa. Akamgeukia binti yake, akaipuliza ile chai yote kwa nguvu za mtu aliyekaa bila kutasa miaka thelathini, na kwa Kidawida akasema hasira na itoke, mtoto aende, aseme, asikiwe, na kisigino chake kipone.

Tatizo ni kwamba kati ya baba na binti palikuwa na maikrofoni.

Ilichemka kwanza, ikatoa mlio kama wa karanga kikaangoni, ikapiga ukelele mmoja uliowarusha kunguru wote wa stesheni, ikafa. Kilonzo, ambaye siku hiyo alikuwa amebaki amwone mgeni wa Mombasa na hakuelewa kitu ila aliona kimya kimezidi, alianza kupiga kodiani mbele ya chombo kilichokufa. Silvanus aling'oa waya ukutani. Harufu ya tangawizi ikajaa chumbani.

Mable alikuwa amelowa chai toka nyusi hadi kifuani. Aliitazama maikrofoni, ile moja tu waliyokuwa nayo, akakitazama kiti chenye mto, bado kitupu. Basi Bwana Hashil ameshaondoka, aliwaza. Nani angeisubiri fujo ya namna hii? Kipindi kimekwisha. Alingoja maumivu yaje, na yalipokuja yalikuwa madogo kuliko alivyodhani, maana alilolitaka redioni limemfika bila redio.

"Aba," alimwambia baba yake, jina alilomwita toka utotoni, "umeua maikrofoni."

Mzee Obadiah alikuwa ameduwaa, maziwa yakimchuruzika kidevuni. Akauingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri, akampa Silvanus, akamwambia aifutie chombo chake. Silvanus aliifungua, akaona muhuri wa shule.

"Mzee, hii ni barua."

"Najua," alisema Obadiah. "Kazi yake imekwisha."

Walikuwa bado wanaifuta maikrofoni kwa ile nafasi ya ualimu wakati Bwana Hashil alipoingia, kanzu nyeupe, koti juu, Mwinyihaji nyuma yake akijaribu kutokucheka. Mable alianza kuomba radhi. Hashil alimwinulia mkono, akanusa ile tangawizi, akauliza yule bwana wa chai yu wapi. Obadiah alisimama na kujitambulisha kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu.

Kumbe Hashil hakuwa na nia ya kuingia ukumbini hata kidogo. Alisema redio haisikilizwi alipo msemaji, husikilizwa barazani pa watu, na tangu kipindi kuanza alikuwa ameketi kwenye benchi la Mwinyihaji, chini ya spika, na kahawa yake. Aliwaona wazee wa Kidawida wakivua kofia pale mpulizo uliposikika. Alimsikia Mkamba mmoja akiuliza kuna nini, akajibiwa kwamba mzee amefungua moyo. Kisha ule ukelele, kisha kimya.

"Nikasema, haya, sasa watatawanyika," alieleza Hashil. "Nimekunywa vikombe viwili. Hapana aliyeondoka. Wamesimama wanaitazama spika kama wanaomngoja mtu aliyeingia ndani mara moja. Mie nimeitumikia redio miaka minane, bibie, sijapata kuona watu wanasikiliza chombo kilichokufa."

Kipindi alikitaka. Kingerekodiwa kuanzia mwezi wa saba, maikrofoni mpya angeileta yeye mwenyewe. Sharti lake lilikuwa moja, na alilisema akimtazama mzee Obadiah kwa heshima zote: tangu leo, mgeni apewe chai akisha kusema, si kabla.

Walikuwa bado wanacheka mlango ulipofunguka tena. Akaingia mzee mwenye koti jeusi na bakora, kavu kwa vumbi la barabara ya Kasigau, akauliza kama amechelewa kueleza habari za tembo. Silvanus alimkaribisha kiti kwa adabu, akaliondoa birika mezani.

Mwezi wa saba ulifika. Jumamosi ya kwanza duka la Donald kule Wusi lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia. Tryphena alipewa kiti cha mbele. Mzee Obadiah alikuwa mahali pake pa siku zote, kikombe cha chai mkononi, na Donald, aliyekuwa amesikia habari za Voi kama kila mtu alivyosikia, alisimama kando ya redio yake akiwa na kipande cha mpira wa meza tayari kuifunika.

Redio ilikoroma, ikatulia. Halafu ikaja ile sauti, kutoka mbali, bila waya, lakini wote waliijua. Ilisema Kwawuka. Ilisema aliyelala na aamke. Kisha ikasema kwamba salamu za kwanza leo ni za mzee mmoja wa milimani, ambaye alikuwa na neno.

Duka lote lilimgeukia. Mzee Obadiah alikuwa amejaza kinywa. Mashavu yalimtuna, macho yakamjaa maji, na Donald akaruka na mpira wake mbele ya redio. Lakini mzee alimtikisia kichwa. Akaimeza ile chai yote, akaweka kikombe chini, akaisogelea redio.

"Ndio, mwanangu," akaijibu. "Nimekusikia."